Walikutafutia Paka, Mimi Nikakwambia Huna Panya

Zuhura,

Sianzi na salamu. Nimekusalimia miaka thelathini na ushei kwenye ngazi ile ile, wewe unashuka na ndoo, mimi napanda na kikapu, inatosha. Leo nna hasira. Nna hasira na wewe, nna hasira na mimi mwenyewe, nna hasira na watu wa zahanati, na watu wa hoteli, na dada yako Kazija. Wote hao wakinisikia watanijibu, isipokuwa wewe. Basi nimekuchagua wewe. Tulia unisikilize, na usinikatize kama ulivyozoea.

Kwanza khabari. Salma wako ana mimba. Tulipokuzika alikuwa hajajijua, anadhani ni huzuni ndiyo inayomtapisha. Sasa tumbo liko mbele kama kabeba mtungi, na siku zake ni wiki hii au ijayo. Mjukuu wako wa kwanza. Ungekuwepo ungeshajaza kabati zima la nguo za mtoto, na mimi ningekwambia unazidisha, na ungezidisha.

Na huyo mjukuu ndiye aliyenifungua mdomo. Isingekuwa yeye, wallahi, ningekufa na siri hii.

Siku ya karatasi unaikumbuka. Hoteli ya Mbweni walikuwa wanatafuta wafuaji mashuka, wakasema kila mfuaji lazima apimwe homa ya ini, ile ya B, na aanze chanjo. Ukaenda zahanati ile ya kulipia nyuma ya soko. Yule bibi wa maabara akakutoa damu, akakupa karatasi, akakwambia, "Urudi Jumatatu, kuna kipimo chengine kabla hatujakuchoma." Hivyo ndivyo ulivyonambia wewe mwenyewe, umesimama mlangoni kwangu na mkoba bado begani, mimi natia tui kwenye mchuzi wa pweza. Ukanipa karatasi. Mstari mmoja wa Kizungu, na mbele yake neno moja la Kiswahili limepigwa muhuri: HASI.

Na mimi nikafanya nini? Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha kama daktari anavyoinua picha ya mifupa. Nikasema, "Hasi maana yake huna. Huna kitu, Zuhura. Safi kama maji ya mvua."

Ukasema, "Lakini kanambia nirudi Jumatatu."

Nikacheka. Nakusikia mpaka leo ulivyocheka na wewe kwa kuwa mimi nimecheka. Nikasema, "Wanataka kukupotezea siku tu. Mimi mama wa mtu wa maabara, nnajua."

Mtu wa maabara! Raya alikuwa na wiki tatu chuoni. Koti jeupe alikuwa hajapewa. Chupa ya damu alikuwa hajaigusa. Na mimi niliyeishia darasa la saba, tena la saba lenyewe kwa kusukumwa, nishakuwa daktari wa nyumba nzima kwa kuwa mwanangu kapata nafasi. Nikapiga kigelegele pale pale, mwiko mkononi. Watu wa chini wakatoka kuuliza kuna nini. Nikawaambia, "Zuhura kapimwa, yuko safi, nimeisoma mimi!"

Nimeisoma mimi.

Bwana wa hoteli naye, na tai yake shingoni, akaitazama karatasi, akaona HASI, akakuandikisha. Hakuuliza hasi ya nini. Chanjo waliyoidai kwa kelele hawakuitaja tena. Mashuka yalikuwa yanangoja, basi. Mtu kasoma vyuo huko alikosoma, na akasoma karatasi kama nilivyosoma mimi juu ya mchuzi.

Na wewe! Wewe ndiye unayenitia wazimu zaidi. Wewe uliyekuwa humwamini muuza samaki mpaka umfunue samaki mashavu, umnuse, umbonyeze, umrudishe, umchukue tena. Wewe uliyerudi kwa fundi cherehani mara nne kwa sababu ya pindo. Jumatatu moja ilikushinda? Kwa nini uliniamini mimi? Ulinijua. Ulijua nnavyojisifu. Ulikuwa ukiwaambia watu mbele yangu, "Mwajuma huyu akiona wingu atakwambia mvua kaileta yeye." Sasa siku hiyo moja ukaniamini kwa nini?

Nnauliza kama kwamba kosa lako. Nnajua. Niache niulize.

Miaka sita ukafua mashuka. Ukaanza kuchoka, tukasema kazi. Ukapungua, Kazija akasema umependeza. Tumbo likaanza kujaa, tukasema gesi, nikakuchemshia tangawizi, mimi huyu huyu. Mpaka macho yakawa manjano ndiyo tukakupeleka hospitali, na huko Raya yupo. Koti jeupe kavaa kweli sasa, na jina lake kifuani, na wauguzi wanamwita "Bi Raya" ingawa ni mdogo kwao wote. Nimeshakwambia hayo, najua, na nitayasema tena, kwa sababu kwenye barua yote hii hilo ndilo jambo moja lisilonitia aibu.

Daktari akaniita mimi, Salma hayupo, akasema ni ini, limeliwa na virusi vya B kwa miaka mingi. Mimi nikamrukia. Nikamwambia, "Haiwezekani, huyu alipimwa, alikuwa hana, karatasi ipo!" Nikatoka mbio mpaka nyumbani, nikafungua sanduku lako, nikaileta. Nilikuwa nnakwenda kumuaibisha yule daktari, Zuhura. Nilikuwa nimeshapanga na maneno.

Raya akaichukua kabla daktari hajanyoosha mkono. Akasoma. Akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Mama, twende nje kidogo."

Tukakaa kwenye ngazi za nyuma. Akanambia virusi vya ini havina kipimo kimoja. Kuna kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, kipande cha ganda lake kinachoelea kwenye damu. Kikionekana, basi kirusi kimo. Kuna kipimo kinachotafuta kingamwili, yaani ule ulinzi ambao mwili unajiwekea ukichanjwa, au ukiugua ukapona. Na kuna kile cha mashine kubwa kinachohesabu virusi vimefika vingapi. Akasema, "Bi Zuhura walimpima ulinzi tu, kujua kama anahitaji chanjo. Kirusi chenyewe walikuwa hawajakitafuta."

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa. Nikamwambia aseme tena. Pale ngazini walikuwa wamelala paka wale wa hospitali, watatu wanne, wanene kuliko wagonjwa. Raya akawatazama, akasema, "Chukua kuwa mwili ni stoo ya mchele. Kipimo kimoja kinatafuta mavi ya panya. Chengine kinatafuta paka. Chengine kinahesabu panya. Bi Zuhura walimtafutia paka, wakamkosa, wakaandika hasi. Hasi ya paka, mama."

Na mimi nikakwambia huna panya.

Ndiyo Jumatatu ile ilivyokuwa. Walikuwa wanataka kuangalia panya. Wakimkosa, wakuletee paka kwa sindano. Wakimwona, wakuanzishie kliniki, wakupime ini, na ikibidi wakupe vidonge. Jambo la asubuhi moja. Badala yake panya walikaa miaka sita wanakula, na mlangoni pa stoo nimesimama mimi napiga kigelegele.

Nilimuuliza Raya uliupatia wapi. Kasema pengine kwa marehemu mama yako, siku ile ile uliyozaliwa; huku kwetu wengi wanaupata hivyo, kirusi kinatoka kwa mama kinaingia kwa mtoto, na mtoto hukaa nacho umri wake wote bila hata kuumwa kichwa. Kwa hiyo si mashuka, si mtu, si aibu ya aina yoyote. Nakwambia hili kwa sababu nakujua, ungekuwa unajiuliza.

Na kuna siku uliniuliza kweli. Umelala kitanda cha dirishani, sauti imekuwa nyembamba, ukanishika kidole. Ukasema, "Mwajuma, kumbe ile karatasi ilisema nini?"

Nilikuwa nishajua. Siku mbili nzima nilikuwa nishajua. Nikakwambia, "Nyamaza, usijichoshe, pumzika." Ukanyamaza. Siku ya tatu yake ukapumzika moja kwa moja.

Basi jibu lako ndilo hilo hapo juu. Limekuja limechelewa, lakini limekuja lote, sikuficha kitu.

Kwenye hitima yako Kazija akaanza. "Tumbo lile ni la kijicho. Kuna mtu alimwonea kijicho na kazi yake ya hoteli." Na macho yake yanazunguka ukumbi mzima kama taa ya bandarini. Wanawake wakaitikia, "Eeh, walimwengu hao." Na mimi, Zuhura, mimi niliyekuwa na ukweli kifuani, nikanywa chai. Nikaona kijicho ni kheri kwangu, kwa sababu kijicho hakina jina langu. Nna hasira na Kazija mpaka leo kwa kusema uongo ule, na hasira yenyewe ni kwamba uongo wake ulinifaa.

Halafu Salma akaanza kliniki ya mimba. Nikamfuata kwa mumewe Mbweni, nikazungusha maneno. Nikamwambia, "Mwanangu, si ukapime na ini?" Akanijibu kwa heshima zake zote, "Mamkubwa, mama alikuwa safi, lile ini liliharibika baadaye tu. Karatasi ninayo, niliikuta sandukuni mwake nikaitia plastiki. Na wewe mwenyewe ndiye uliyemsomea, mimi nilikuwepo." Nilirudi kwa miguu kutoka Mbweni mpaka nusu ya njia ndipo nikakumbuka kupanda gari.

Nikamwambia Raya amwambie yeye, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi. Akakataa. "Mimi kazini nimefungwa mdomo, mama. Khabari ya mgonjwa haitoki kwangu. Wewe nani kakufunga?" Nikamtukana. Nikamwambia sikukusomesha uje unipe amri. Hakunijibu kwa ukali. Kasema, "Mtoto anatakiwa achomwe sindano siku ile ile anayozaliwa, asisubiri. Na Salma anaweza kuhitaji vidonge kuanzia sasa. Kila wiki unayoiona aibu, mtoto ndiye anayeilipa."

Huyo ndiye binti yangu. Ningependa ungemsikia. Nilimchukia siku ile kwa muda wa kama saa moja.

Kesho yake nikaenda Mbweni. Salma kakaa kibarazani na mkwewe, Bi Nunu, wanachagua mchele. Nikakaa. Nikaanza kwa Raya kapandishwa cheo. Nikaingia Raya anavyosifiwa na madaktari. Nikasikia mwenyewe nnavyosema, nikachoka na sauti yangu. Nikasema, "Salma, ile karatasi ya mama yako niliisoma vibaya. Haikusema hana ugonjwa. Ilisema hana kinga. Aliambiwa arudi, mimi ndiye niliyemwambia asirudi. Mama yako kafa na virusi vya ini, na wewe huenda unavyo tangu kuzaliwa, na mtoto atavipata usipopimwa."

Salma akauweka ungo chini.

Salma akasema, "Mama alijua?"

Nikasema, "Hakujua."

"Aliuliza?"

Nikasema, "Aliuliza."

Akainuka akaingia ndani. Hakulia, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Bi Nunu ndiye aliyetoa sauti. "Kwa hiyo mke wa mwanangu ana maradhi, na sisi tunakula naye sahani moja?" Pale hasira zangu zote zikapata pa kwenda. Nikamwambia sahani haina neno, kikombe hakina neno, kumkumbatia hakuna neno. Ni damu, na kitanda cha mume na mke, na mama kwa mtoto akizaliwa. Nikamwambia, "Na mwanao naye apimwe, na wewe upimwe, usikae hapo kama malaika." Akasema yeye kwao hawana maradhi. Nikasema na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo, kwa kigelegele.

Walikwenda wote, Zuhura. Salma kwa kuwa ana akili zako, Bi Nunu kwa kunikomesha mimi.

Kipimo cha haraka cha Salma kikatoa mistari miwili. Panya wapo. Wakachukua damu nyengine kwa ile mashine ya kuhesabu, tukangoja, ikaja: wengi. Sasa anameza kidonge kila siku ili mtoto apite kwa usalama, na ini lake mwenyewe limetazamwa, bado zima, litakuwa linatazamwa kila baada ya muda. Mumewe hana panya wala paka, kachomwa sindano ya kwanza na ya pili. Na huyo ndiye aliyenionyesha ujinga wangu waziwazi: karatasi yake moja ina hasi mbili, na kila hasi ina maana yake.

Na Bi Nunu? Ha! Bi Nunu kaonekana ana paka, tena si paka wa chanjo, maana hajachanjwa maisha yake. Raya kasema kuna kipimo chengine kinachotofautisha, na kimeonyesha kuwa zamani virusi vilimwingia na mwili wake ukavishinda mwenyewe, hata hakujua. Kwao hawana maradhi! Nilitaka kucheka mpaka nianguke, nikakutafuta kwa macho ili tucheke pamoja, na pale, katikati ya kliniki, ndipo nilipokulilia kwa mara ya kwanza kilio cha haki, si kile cha matangani. Tangu siku hiyo sahani haitengwi.

Nyumba nzima nimeshaiambia. Nimesimama ukumbini pale pale nilipopigia kigelegele, nikasema kosa langu kwa sauti ile ile. Watu wa chini wakanitazama vibaya, wana haki. Kazija akasema, "Basi muuaji ni wewe." Nikamwambia, "Andika hivyo ukipenda, lakini kapime, mlizaliwa na mama mmoja." Kapima. Hana panya. Hana paka pia. Na yeye anachomwa sasa, na kila akichomwa ananitukana, na mimi nampeleka.

Salma ndiye hasemi na mimi. Wiki ya saba hii. Nikikutana naye, "Shikamoo, Mamkubwa," "Marahaba," basi. Nikimpelekea mkate wa kumimina, sahani inarudi imeoshwa vizuri na haina neno. Siku ya majibu ya mashine nilinyoosha mkono niione karatasi, kwa mazoea tu, akaipitisha juu ya mkono wangu akampa Raya. Watu waliona. Nikaurudisha mkono. Nilistahiki.

Nakuahidi haya, Zuhura, na wewe uniandame nisipoyatimiza. Mtoto akitoka tu, sindano yake ya kwanza ichomwe kabla ya khabari ya jina, kabla ya wageni, kabla ya Kazija kufika na udi wake. Zile zinazofuata, mwezi kwa mwezi, nitampeleka hata ikiwa Salma atanikabidhi bila kunitazama. Na akishatimiza miezi tisa, atapimwa yote mawili, panya na paka, na watakaosoma ni waliosomea kusoma. Na mtu yeyote wa nyumba hii akiambiwa arudi Jumatatu, mimi nitamgongea mlango Jumatatu alfajiri, nimeshavaa buibui.

Hasira zangu na wewe hazijesha. Uliniamini mno, na sijui nifanye nini na mtu aliyeniamini mno halafu akaondoka. Mungu akupanulie kaburi lako na akulipie kila nilichokunyima.

Jana jioni Raya karudi na maneno kutoka Mbweni. Nilimwambia ayaseme mara mbili. Salma kasema: "Mwambie Mamkubwa siku ya kujifungua aje. Lakini karatasi asizishike."

Sitazishika, shoga yangu. Nitatia mikono yangu chini ya kanga, nitakaa kimya, mimi Mwajuma, kimya, na sitaitoa mpaka mtu anipe mtoto.

Mwajuma